Dakika Kumi

Dalali Lali Shee alisema dakika kumi.
Alisema hajashuka pikipiki,
mguu mmoja chini, mmoja juu,
kama anayechelea ardhi isimdai.
"Kutoka soko la Malindi, mama,
ukikohoa umefika."
Nilikohoa hadi Ganda,
nikakohoa nikaipita.

Hamsini kwa mia. Bikoni nne:
tatu za saruji, ya nne chupa ya soda
iliyokitwa shingo chini mchangani.
Mathenge kila upande, na upepo
ukipekua miba kama karani
anayetafuta faili alilolikalia.

Pesa ilikuwa ya chumvi.
Miaka kumi na mmoja Ngumbao
akikwangua mashamba meupe ya Gongoni,
buti zikimpasukia miguuni,
nyufa za visigino akizipaka mafuta ya nazi
usiku, kimya, mgongo amenipa.
Nilizihesabu noti mara tatu,
nikilamba kidole kila noti,
na kidole, naapa, kilikolea.

Wakati huo tulipanga Maweni,
chumba kimoja, choo cha nyumba sita.
Bi Zulekha, mwenye nyumba,
hodi yake ya tarehe tano aliipiga kwa pete.
Mwanangu Nyevu alijifunza kunyamaza
kabla ya kujifunza kutembea:
pete ikigonga mlango
alijiziba mdomo kwa kiganja, mwenyewe.

Basi tulinunua.
Tukahamia na mabati kumi na manane,
mlango mmoja, dirisha la kuazima,
na kitanda kilichosafiri juu ya tuktuk
miguu yake ikiielekea mbingu.

Kisha kisima.
Tsuma mchimbaji alishuka na tochi kichwani,
futi thelathini, arobaini,
tukimsikia anaimba, kisha hasikiki,
kisha kamba ikatikiswa mara mbili: yapo!
Tukapandisha ndoo. Ngumbao akachota kwa kiganja,
akaonja,
akakaa chini.
Akacheka, huyu mume wangu ambaye kicheko
hukiweka kama suti ya harusi,
akacheka hata Tsuma, kule shimoni,
akauliza huku juu kuna nini.
"Chumvi," akasema. "Imenifuata.
Nilidhani ni kazi, kumbe ni jamaa."

Ya kunywa twanunua. Dumu shilingi thelathini,
arobaini mkokoteni ukichelewa.
Ya kisima twaoshea vyombo, na sahani
zikikauka huota ukungu mweupe.
Nyevu huchora humo nyumba kwa kidole.
Paa huchora, na mlango.
Wa kuugonga hajamchora bado.

Usiku wa huku ni mkubwa.
Ngumbao hulala Gongoni hadi Jumamosi.
Nimechomeka fimbo uani, na kila mwezi
nasimama nyuma yake kuzipima taa za Malindi:
zimesogea, sijui,
labda shamba moja.
Labda ni macho yangu yaliyosogea.

Jana, saa nane, jua limesimama kichwani,
ilikuja tena pikipiki ya Lali Shee.
Nyuma yake mwanamke, mkoba kifuani,
ameukumbatia kwa mikono miwili
kama mtoto aliyelala kwa taabu.
Nilijua kilichomo.
Alishuka, miguu yote miwili,
akaniamkua, akaniuliza mimi, si dalali:
"Dada, mjini ni mbali?"

Nikatazama kwenye mathenge,
pale ambapo ungekuwa ukuta wake,
dirisha lake lenye taa saa tatu usiku,
sufuria yake ikianguka, yeye akiilaani.
Lali Shee alikuwa akifuta kioo cha pikipiki
kisichokuwa na vumbi.

"Dakika kumi," nikasema.
"Na maji?"
"Yapo. Hayajakauka hata siku moja."

Ladha hakuuliza.
Nyevu alikuwa amesimama mlangoni,
kiganja mdomoni.